Bei ya Bibi Harusi

Jumatatu, 2 Juni

Msasa mdogo wangu,

Nimekupigia simu mara nne tangu Ijumaa, na mara zote nne imeita mpaka ikachoka. Sawa. Ulisema nisikupigie kwa mambo ya Mzee, hukusema nisikuandikie. Barua hii nimemkabidhi dereva wa basi la asubuhi, nikamwambia asiondoke hapo kwenye karakana yenu ya matrekta mpaka aone umeifungua.

Mzee hajambo, ondoa wasiwasi. Macho ndiyo yameendelea kwisha, sasa anatambua mwanga na kivuli tu, lakini ulimi uko palepale na masikio yamezidi kuwa makali. Jambo lenyewe ni Bibi Harusi. Mwenye nyumba amekuja na kamba ya kupimia, anataka kujenga vyumba huko uani, na banda liwe tupu ifikapo tarehe thelathini. Unakumbuka marehemu Mama alivyolipa gari jina hilo: mwaka wa kwanza anapambwa, wa pili anapambwa, siku ya kutoka haifiki. Sasa ni mwaka wa kumi na moja tangu Mzee alikokote lile gamba la kutu, na siku imefika bila kuulizwa.

Mchumba yupo. Ni Daktari wa Meno mstaafu, mwanamume mpole mwenye kofia. Mjomba wake alikuwa na gari kama hilo hilo, la mwaka sitini na nane, milango miwili, rangi ya maziwa, naye anataka kuwapakia wajukuu wake ndani yake kabla hajafa. Ametaja milioni tisa. Mzee akajibu thelathini. Daktari akavua kofia, akaivaa, akasema atarudi nikishaongea na baba yangu.

Nimechoka, Msasa. Ni yale yale ya miaka tisa. Mwalimu mkuu alikuja akaambiwa ishirini na tano. Yule mkandarasi akaambiwa ishirini na nane. Wale ndugu wawili wenye hoteli waliondoka wakicheka mpaka getini. Gari la aina hiyo likiwa limekamilika, linang'aa, Daktari anasema huuzwa kumi na sita, nami nimeulizia kwingine nikaambiwa hivyo hivyo. La kwetu halina hata viti vya nyuma.

Mimi ni fundi cherehani. Nikiletewa gauni lililoshonwa nusu najua nimtoze mwenyewe nini. Gari nusu silijui. Niambie bei ya haki, isiyomwibia Mzee wala isiyomwibia yule mpole wa watu. Nyumba nzima fundi aliyebaki ni wewe.

Dada yako

*

Alhamisi, 5 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua imefika, dereva amenisimamia kama askari mpaka nikaichana bahasha.

Ukitaka bei ya gari ambalo halijaisha, usianzie kwenye kilichofanyika. Kila mwenye gari huanzia hapo: nimelihangaikia miaka mingapi, nimenunua nini, nimelala chini yake mara ngapi. Mnunuzi hanunui jasho la mtu. Anzia mwisho. Chukua bei ya gari zima, hiyo kumi na sita. Toa kila kitu ambacho Daktari itabidi anunue. Toa ujira wa mafundi wake. Kisha toa kidogo tena kwa ajili ya yale yatakayojitokeza akishafungua, maana lazima kuna kitu kitajitokeza. Kinachobaki ndiyo bei.

Kwa hiyo pita ukague. Kioo cha mbele kina ufa? Raba za madirisha zipo au zimekauka? Taa zote nne, bampa zote mbili, ile nembo ya mbele ambayo haipatikani tena madukani. Hesabu vitasa. Washa injini, isikilize ikiwa baridi, halafu isikilize baada ya robo saa. Angalia moshi: mweupe, mweusi au wa buluu. Angalia nyaya nyuma ya dashibodi, kama panya wamepita. Kadi ya gari nadhani unayo wewe.

Chini usijisumbue kuangalia, utachafua nguo bure.

Msalimie Mzee. Au usimsalimie, utaona mwenyewe.

Msasa

*

Jumapili, 8 Juni

Msasa,

Nimekagua. Nimevaa dera la zamani, nimeshika kamba yangu ya kupimia shingoni kwa mazoea tu, nikazunguka gari zima na daftari. Kioo kizima. Raba zote zimekauka, ukizigusa zinamenyeka. Taa tatu nzima, moja ina maji ndani. Nembo ipo. Vitasa vinne, kimoja si cha gari, nadhani ni cha kabati. Panya hawajapita, maana Mzee ameweka vidonge vya nafthalini kila pembe na ndani kunanuka sanduku la bibi. Injini iliwaka mara ya tatu, moshi wa buluu kidogo halafu ukaisha. Nimejumlisha viti vya nyuma, raba, nyaya, rangi ya kurudia, ujira, na hayo yako ya kujitokeza. Nimepata kati ya nane na tisa. Daktari hakutudanganya.

Nikamwendea Mzee na hesabu yangu. Yuko kwenye kigoda chake mlangoni mwa banda, mkono juu ya bawa la gari. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Thelathini." Nikamwuliza inatoka wapi. Akasema, "Kwenye kinywa changu."

Basi nikaona nimchokoze kifundi. Unaijua kanuni yake: bei haitajwi kabla ya sumaku kupita. Alivyokuwa akiizungusha kwenye magari ya watu, imefungwa kwenye leso isikwaruze rangi, ikishika anaitikia kwa kichwa, ikidondoka anajua hapo pana puti, ule udongo wa kuzibia mashimo, si chuma. Nikamwambia, "Mzee, nipe sumaku niipitishe kwa Bibi Harusi, tujue moja." Akaufunga mkono juu ya mfuko wa shati kama nimemwomba roho. "Sumaku ni ya magari ya watu," akasema. "Hili kazi ya chini ameifanya mwanangu. Halina puti hata ya kuziba tundu la sindano."

Wimbo ule ule. Nakumbuka ulivyokuwa ukikuudhi.

Daktari alikuja tena jana. Aliomba kukaa kwenye kiti cha dereva tu, akakaa, akashika usukani, akafumba macho. Mtu mzima yule. Alipoulizia bodi nikamwambia maneno ya Mzee, hakuna puti. Alifurahi. Alisema hicho ndicho alichokuwa anaogopa.

Nijibu upesi. Siku zinakwenda na roho yangu iko juu juu.

Dada yako

*

Jumatano, 11 Juni

Dada,

Mwuzie kwa milioni nne. Au usimwuzie kabisa. Fungua gari vipande, uza injini peke yake, milango, nembo, kioo. Ukiuza vipande utapata zaidi ya nne na hakuna atakayekulaumu.

Lakini asiliendeshe. Akilichukua, alichukue juu ya lori.

Usiniulize sababu. Mimi ni fundi, nimekwambia bei.

Msasa

*

Ijumaa, 13 Juni

Msasa,

Barua yako nimeisoma nikiwa na sindano mdomoni, nusura niimeze.

Nne. Wiki iliyopita unanifundisha hesabu kama mwalimu wa chuo, anzia mwisho, toa hiki, toa kile. Nimetoa, nimepata tisa. Leo unaniambia nne na nisiulize. Una mtu wako huko? Kuna tajiri wa matrekta amekuahidi kitu ukimpatia Bibi Harusi kwa bei ya kutupa? Au ni kinyongo tu? Maana hilo ndilo neno ulilomtupia Mzee siku ile ulipoondoka, "Liuze bei ya chuma chakavu, tupumue." Sita sasa, miaka sita kiguu na njia, kutoka karakana hii kwenda ile, na bado unataka gari lile life.

Nami nikueleze kitu ambacho hujawahi kuuliza. Aliyebaki hapa ni mimi. Ninayemwongoza Mzee chooni ni mimi. Ninayemsikia akiongea na gari asubuhi, akidhani nimelala, ni mimi. Yeye anataka thelathini, wewe unataka nne, na wote wawili mmenigeuza punguani katikati.

Kadi ya gari iko kwa jina langu tangu macho yake yaanze kufifia. Nimempa Daktari mkono. Milioni tisa, Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi. Ataliendesha mwenyewe mpaka kwake, ameomba hivyo, na wajukuu watamsubiri barabarani. Mzee nimeshamwambia. Tangu jana haongei nami, anakula akiwa bandani, kigoda kimehamia ndani upande wa dereva kana kwamba analinda mlango.

Namba yako nimeifunga kwenye simu yangu. Hukuwa ukipokea, sasa hutapiga.

Dada yako, bado

*

Ijumaa, 20 Juni

Dada,

Nimepiga simu toka Jumatatu. Sikuamini kuwa kweli umenifungia. Leo nilikwenda kituo cha basi na begi, nikakata tiketi, nikafika kwenye ngazi ya basi, miguu ikagoma. Nimempa dereva barua hii badala yangu. Nimemwomba akukabidhi mkononi kesho asubuhi kabla ya saa nne. Nimemwambia ni suala la uhai wa mtu, na si uongo.

Kiti cha dereva hakikushikwa na chuma. Bolti zake nne zimeshika puti na bati la debe.

Ulitaka sababu, ndiyo hii. Mwaka ule Mzee alipolazwa miezi miwili kwa ajili ya mguu, aliniachia sakafu ya upande wa dereva na kizingiti cha chini ya mlango. Vilikuwa vimeoza. Kazi ya kukata kilichooza na kuchomelea chuma kipya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikwishajiona fundi kumpita yeye. Kanuni ya kwanza aliyonifundisha ni kuegemeza: kabla hujakata kizingiti, weka jeki na mbao chini, maana gari la milango miwili likikatwa hapo linakunjika kiunoni. Mimi nilikata kwanza. Ilikuwa saa sita mchana, nilikuwa na haraka ya kwenda mpirani. Nikasikia mlio, nikaona mlango umeshuka vidole viwili.

Chuma alichoninunulia hakikuingia tena mahali pake. Nilijaribu wiki nzima. Mwisho nilichukua debe la mafuta ya kula, lile lenye picha ya alizeti, nikalikunjua, nikalipachika kwa ndani, nikajaza puti unene wa mkate, nikapiga msasa mpaka pakawa laini kuliko shavu lako. Chini nikapaka lami. Kitasa nilikitia tupa mpaka mlango ukafunga. Kazi nzuri, Dada. Kwa macho hungeona kitu.

Mzee alirudi kutoka hospitali, akainama, akapitisha kiganja chake. Akasema, "Kazi nzuri." Sikulala. Nilisema kesho nitamwambia. Kesho yake alikuja mgeni, akamwonyesha, akasema mwanangu huyu, halina puti hata ya kuziba tundu la sindano. Ikawa kila mgeni, kila Jumapili, kila fundi aliyepita. Miaka mitatu. Kila alivyonisifu ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito. Siku niliyomwambia aliuze chuma chakavu nilikuwa namsihi, ila ilitoka kama matusi.

Nne ndiyo bei ya gari lenye sakafu ya debe. Sikukuibia. Nilishindwa tu kuonyesha hesabu yangu.

Daktari akikaa bila gari kutembea, litamvumilia. Akiingia barabarani, akipiga shimo moja, kiti kitachomoka naye. Asiliendeshe. Msomee Mzee barua hii kama unaweza. Mimi kumwambia usoni nimeshindwa miaka tisa.

Msasa

*

Jumapili, 22 Juni

Msasa,

Dereva alifika saa nne na dakika kumi. Daktari alikuwa ameshakaa kwenye kiti, injini inanguruma, bahasha yake ya fedha iko mkononi mwangu. Mzee amesimama mbele ya gari, kwenye taa, mikono yote juu ya boneti. Nilikuwa nimemwomba mara tatu asogee. Nilishafika mahali pa kumshika mkono kwa nguvu, baba yangu mzazi, ndipo nikaitwa getini.

Nilisoma pale pale getini. Nilipofika kwenye debe nilirudi mbio nikazima ufunguo mwenyewe, mkono umepita mbele ya uso wa Daktari. Nikamwambia ashuke taratibu. Alishuka. Hakuuliza, aliona sura yangu.

Kisha nikamsomea Mzee, kwa sauti, Daktari akisikia. Sikuona haki kumficha mtu aliyekuwa amekalia puti kwa milioni tisa. Nilisoma yote, hata mpira, hata alizeti.

Mzee hakushtuka, Msasa. Alitia mkono mfukoni akatoa ile sumaku kwenye leso. Akapiga magoti, kwa taabu, mguu ule haujapona sawa, akapapasa mpaka chini ya mlango wa dereva na kuiweka. Ikadondoka. Akaiokota, akaiweka tena. Ikadondoka tena. Akasema, "Hapa na hapa. Ilidondoka hivi hivi wiki niliyotoka hospitali."

Alijua. Miaka yote tisa alijua.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka, maana niliyaandika jana hiyo hiyo nisije nikatia chumvi. "Nilitaka aseme mwenyewe. Fundi ukimkamata, anajifunza kuficha vizuri zaidi. Akisema mwenyewe, amekuwa fundi. Nikaona nimsifu ili imuume, atasema. Ikamuuma, hakusema. Nikazidisha. Nilidhani nakaza nati, kumbe naivunja." Akaipangusa sumaku vumbi. Akasema, "Nilikosea. Nimemfukuza mtoto kwa sifa."

Na thelathini? Hilo nililiuliza kwa hasira, nakiri. Alisema hakuwahi kuwa na nia ya kuliuza. Angewauzia vipi watu gari la kuwaua? Na angewaambiaje kuna puti bila kukuaibisha mtaa mzima, baada ya kukutangaza? Kwa hiyo kila aliyekuja alimtajia bei ya kumkimbiza. Mwalimu mkuu, mkandarasi, wenye hoteli. Mimi nikiona aibu getini nikidhani baba yangu ana tamaa, kumbe alikuwa anakulinda. Ile bei haikuwa ya gari hata siku moja.

Sasa mkisimama pamoja, yeye na thelathini yake, wewe na nne yako, mlikuwa mnaficha tundu moja lile lile. Ningewachapa wote wawili kwa kamba ya kupimia.

Daktari alikuwa amesimama, kofia kifuani. Nilimrudishia bahasha yake. Aliipokea, akaigeuza geuza, akasema, "Mama, nimeziba meno ya watu miaka thelathini na nne. Kuziba si dhambi. Dhambi ni kumwambia mtu hilo ni jino lako." Akauliza kama aliyeziba anaweza kuja kuzibua. Kama sakafu itakuwa chuma kabla ya tarehe thelathini, bado analitaka.

Mzee hakukutumia salamu. Alisema tu, "Mwulize ana likizo."

Namba yako nimeifungua. Lakini usipige, jibu kwa barua, nimezoea.

Dada

*

Jumanne, 24 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa chini ya trekta na sikutoka huko mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nimeumia.

Ninayo likizo ya siku nne. Nafika Alhamisi kwa basi la mchana. Azima jeki mbili na mbao nene, urefu wa kutoka dirishani mpaka mlangoni kwako. Nunua bati jeusi la milimita moja na nusu, kipande kimoja kizima, si la kuezekea. Uliza duka kama wanakodisha mashine ya kuchomelea. Ondoa nafthalini zote, zitashika moto.

Kigoda cha Mzee kiweke mbali na cheche lakini karibu kiasi cha kusikia. Atajua kwa mlio kama nimeegemeza.

Na mwambie asinisifu.

Msasa

*

Jumapili, 6 Julai

Msasa,

Uliondoka na basi la alfajiri hata chai hukumaliza, kwa hiyo mambo ya Jumatatu hiyo ya tarehe thelathini huyajui. Nakuandikia yote.

Daktari alikuja saa tatu na wajukuu wawili, wasichana, wamevaa viatu vya kwendea kwenye sherehe. Mzee alikuwa amenyoa. Aliomba watu wote wasimame upande mmoja, akatoa sumaku, akaizungusha. Alianzia bawa la mbele, akaja mlangoni, akashuka kwenye kizingiti. Ikashika. Akaivuta akaisogeza kidole kimoja, ikashika. Alikwenda hivyo mpaka gurudumu la nyuma, halafu akaingia ndani akaipitisha kwenye sakafu yote chini ya kiti, na mimi nikimwona kila inaposhika anaitikia kwa kichwa, kwa mtu asiyeona kitu ni kama alikuwa anasoma. Alipomaliza akamwambia Daktari, "Halina puti. Kazi ya mwanangu."

Ulisema asikusifu. Hakukusifu mbele yako siku zote nne, nilimwona anavyojizuia, aliuma mdomo siku ile mlango ulipopanda na kufunga wenyewe. Lakini ukishaondoka ni mambo yake na Daktari.

Kisha akataja bei. Hakusita, Msasa, hakukohoa. Alisema nane. Daktari akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyetaja tisa na sakafu sasa ni chuma. Mzee akasema rangi ya chini ya mlango imeungua kwa kuchomelea, itarudiwa, hiyo nusu. Nusu nyingine ni ya Jumamosi ile, kwa kukalishwa mtu mzima juu ya debe. Daktari alicheka mpaka akavua kofia. Wakapeana mikono.

Nilirudia hesabu uliyonifundisha, kutoka mwisho. Ilitoka nane.

Walipoondoka wale wasichana walikuwa wamepanda nyuma kwenye viti viwili vya jikoni vilivyofungwa kamba, mwendo wa konokono, wanapunga mikono. Mzee alisikiliza injini mpaka kwenye kona, na baada ya kona, na baada ya mimi kutosikia kitu. Sikujua kama alikuwa anaumia. Nikamwuliza. Akasema ndiyo.

Bahasha hii ni nzito kwa sababu ya sumaku. Anasema ni yako, yeye hana tena magari ya kupima. Leso ibakie humo humo, ni ya Mama. Kile kipande cha debe ulichokikata na kukitupa nyuma ya banda alikipapasa akakiokota, kimekaa dirishani kwake, alizeti imetazama ndani. Nimemwambia nikitupe, ananiambia nimwachie.

Banda ni tupu. Asubuhi bado anatoka na kigoda, anafika mlangoni, anakumbuka, anarudi. Jana aliporudi alikaa karibu na cherehani yangu muda mrefu, akicheza na uzi. Halafu akauliza kama simu yako inaita au bado nimeifunga. Nikamwambia inaita. Akauliza unatoka kazini saa ngapi.

Atakupigia kesho, Jumatatu, saa kumi na mbili jioni. Nitambonyezea namba, halafu nitatoka nje.

Pokea.

Dada yako